Mfahamu John Stewart MacArthur, mkemia aliye nyuma ya vati za dhahabu

Ukipita Nyarugusu au Rwamgasa mkoani Geita, au maeneo ya wachimbaji wadogo wa Kahama mkoani Shinyanga, utakutana na vati zilizojaa marudio, yaani mchanga uliokwisha kupita kwenye karasha na mwaloni. Zebaki huacha dhahabu nyingi humo, ndiyo maana marudio yana wanunuzi. Maji yenye sayanaidi yanayomwagiwa mchanga huo yana historia, na inaanzia Scotland.

John Stewart MacArthur alizaliwa Glasgow mwaka 1856. Aliingia kazini akiwa kijana mdogo, mwanagenzi katika maabara ya kampuni iliyoshughulika na shaba na salfa. Baadaye akaanza kutafuta njia mpya ya kutoa dhahabu kwenye mawe, akishirikiana na madaktari wawili ndugu, Robert na William Forrest. Majaribio waliyafanya Glasgow, mbali kabisa na mgodi wowote wa dhahabu.

Mwaka 1886 walijaribu sayanaidi. Ili kujua kama dhahabu imeyeyuka, MacArthur alipitisha gesi ya haidrojeni salfaidi kwenye maji yale akitegemea dhahabu itatuama chini. Haikutuama. Akahesabu kwamba jaribio limeshindikana, akaendelea na kemikali nyingine. Kumbe dhahabu ilikuwamo tele, ila imeshikwa na sayanaidi kiasi kwamba gesi ile haiwezi kuitoa. Mwaka uliofuata alirudia kwa kipimo tofauti na ukweli ukaonekana. Oktoba 1887 wakaomba hataza Uingereza.

Kwamba sayanaidi huyeyusha dhahabu lilijulikana tangu Scheele wa Sweden, karne ya 18. Mwaka 1846 Elsner wa Ujerumani alionyesha kwamba oksijeni inahitajika. Hapa ndipo wanafunzi wetu wa sekondari wanapokwama, kwa sababu wengi wamekariri kwamba oksidesheni ni kitu kuungana na oksijeni, kama chuma kinavyoshika kutu. Kwenye vati dhahabu haishiki kutu wala haiungani na oksijeni. Kila atomu ya dhahabu inapoteza elektroni moja, oksijeni inazipokea elektroni hizo, na sayanaidi inaishika dhahabu iliyopungukiwa isirudi kuwa chuma. Kupoteza elektroni ndiyo oksidesheni, kupokea ndiyo ridaksheni, na moja haitokei bila nyingine. Mwalimu wa kemia aliye Geita ana mfano mlangoni kwake, ingawa wa kutazamwa kwa mbali tu: sayanaidi inaua, na chokaa huwekwa kwenye vati ili isigeuke gesi ya sumu.

Nadhani akili kubwa ya MacArthur ilionekana mwaka 1888, aliposhughulikia namna ya kuirudisha dhahabu. Alitumia zinki iliyokatwa nyembamba kama nyuzi ili maji yaiguse kila upande. Zinki hutoa elektroni kwa urahisi kuliko dhahabu. Atomu moja inatoa mbili, kwa hiyo inarudisha atomu mbili za dhahabu.

Njia hiyo ilianza kutumika kibiashara New Zealand mwaka 1889. Mwaka 1890 ikafika Witwatersrand, Afrika Kusini, wakati migodi ilipokuwa taabani: wachimbaji walikuwa wamefikia mawe yenye salfaidi na zebaki haikamati tena vizuri. Sayanaidi ikatoa zaidi ya asilimia 90 ya dhahabu, migodi ikafufuka.

Wenye migodi hawakupenda kulipia hataza. Walikwenda mahakamani wakidai kwamba hapakuwa na ugunduzi mpya, na mwaka 1896 hataza zikafutwa Transvaal. Dunia nzima ikaendelea kutumia kazi yake. MacArthur akahamia kwenye radiamu, akaanzisha kiwanda Runcorn, Uingereza, kisha akakihamishia Balloch, Scotland. Alifariki mwaka 1920.

Mitambo mingi ya Kanda ya Ziwa siku hizi haitumii nyuzi za zinki. Kaboni hunasa dhahabu ikiwa bado imeshikwa na sayanaidi, kisha huoshwa kwa maji ya moto yenye kemikali, na mwishoni umeme hupitishwa kwenye maji hayo. Elektroni ambazo zamani zilitolewa na zinki sasa zinatoka kwenye waya.