Charles Darwin na ukuta wa chokaa chini ya bahari

Bandugu watumikaji, jiwe la chokaa tunalijua. Lakini kuko chokaa yenye kujengwa na vinyama vidogo ndani ya bahari: ni matumbawe. Leo tunaeleza maisha ya Darwin, mutu mwenye alichunguza wenye kuijenga na wenye kuibomoa.

Alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, tarehe 12 Februari 1809. Baba yake, munganga, alimutuma kusoma unganga ku Edinburgh. Kuona wagonjwa wanapasuliwa kulimushinda, akaacha. Mwisho wa mwaka 1831 alipanda masuwa Beagle, akazunguka dunia karibu miaka 5.

Aprili 1836 akafika visiwa vya Keeling, mu Bahari ya Hindi. Kwa mawazo yake, mulima wa moto wa zamani ulikuwa unazama polepole, na matumbawe yakajenga juu yake bila kuacha. Lakini hakuangalia wajengaji tu. Alipasua samaki wenye kutafuna matumbawe, akakuta matumbo yamejaa matope ya chokaa. Aliandika pia juu ya minyoo yenye kutoboa ule ukuta. Unga wao haupotei wote: mwingine unakuwa muchanga wa kisiwa.

Ni sawa na nguzo za jiwe mu shimo yetu: ukizikula kila siku, dari itashuka. Chokaa yenye kujengwa ikipita yenye kubomolewa, ukuta unapanda. Ikipungua, ukuta unaisha, mawimbi inafika ku nyumba za watu. Leo bahari inapata joto, wajengaji wanakufa kwa wingi, lakini watoboaji wanaendelea na kazi.

Kitabu chake cha matumbawe kilitoka 1842. Wengine walibisha. Alikufa tarehe 19 Aprili 1882, mabishano haijaisha. Ni mwaka 1952 tu, ku kisiwa cha Enewetak, mu Bahari ya Pasifiki, mashini ilitoboa zaidi ya metre 1200 za chokaa mbele ya kukuta jiwe la mulima wa moto. Watoboaji wenzetu ndiyo walimupatia haki.

Sisi wa sendika tunashika hii: hesabu ya kweli inaandika yenye kujengwa pamoja na yenye kuliwa. Mu mine, tani zinaandikwa kila mwezi. Nguzo zenye kubakia, na mapafu ya watumikaji, nani anaziandika? Kila delege aulize ile ku mukutano wenye kuja.