Livingstone kwenye mwambao wa Uvira: mtu aliyeongozwa na moyo

Wakaaji wa Kalundu hawana shaka juu ya mto Ruzizi. Wanajua kwamba unatoka ziwa Kivu, unapita bondeni na kumwaga maji yake katika ziwa Tanganyika. Lakini miaka 150 iliyopita jambo hilo lilikuwa ugomvi mkubwa kati ya wataalamu wa Ulaya. Wengine walidhani kwamba Ruzizi unatoka ziwani na kwenda kaskazini kuulisha mto Nili.

Waingereza Burton na Speke walifika Uvira mwezi wa nne mwaka 1858. Waliambiwa na watoto wa mwami wa hapo kwamba mto unaingia ziwani, ila walirudi bila kuuona kwa macho yao. Aliyekuja kuhakikisha, miaka 13 baadaye, ni David Livingstone, mganga na mmisionari kutoka Uskoti. Maisha yake yanaonyesha wazi namna huzuni, hasira na tumaini vinavyoshika usukani wakati mtu anapoamua.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika jamaa maskini. Alianza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, akasoma usiku, akawa mganga, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini. Mwaka 1845 alimuoa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Mary alikufa kwa homa mwaka 1862 huko Shupanga, kando ya mto Zambezi. Miaka miwili baadaye mtoto wao Robert alikufa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Mwaka 1866 Livingstone alirudi Afrika kupitia Zanzibar, akiwa mjane, na kusudi lake kubwa likawa kutafuta chanzo cha Nili.

Mwisho wa mwezi wa tatu 1871 alifika Nyangwe, katika Maniema ya leo, kando ya mto Lualaba. Aliamini kwamba Lualaba ndio Nili. Kwa miezi alitafuta mitumbwi ya kuteremka nao, akanyimwa. Kisha, tarehe 15 Julai, watu wa wafanyabiashara ya utumwa walifyatua bunduki katika soko lililojaa wanawake. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wakizama mtoni. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake, lakini mfanyabiashara Dugumbe alimsihi asijiingize katika damu, naye akajizuia.

Siku chache baadaye aliacha mpango wa mto na kurudi Ujiji, safari ya miezi mitatu. Kama angeteremka Lualaba, angegundua kwamba unageuka kuelekea magharibi na kuwa mto Kongo. Lakini hakuweza tena kukaa pamoja na wale aliowaona wakiua.

Wataalamu wa ubongo wanaeleza mambo ya namna hii. Ndani ya kichwa kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, amigdala, inayoshughulika sana na hofu na hatari. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu inayopima faida na hasara. Sehemu hizo mbili zinapashana habari bila kukoma. Mwaka 1994 mtaalamu Antonio Damasio alieleza habari za mgonjwa aliyeharibika sehemu ya mbele ya ubongo baada ya kupasuliwa uvimbe. Akili yake ilibaki nzima, lakini hisia zake zilipoa, na akawa anashindwa kuamua hata mambo madogo ya kila siku. Basi hisia si adui wa akili: bila hizo mtu hajui lipi lina uzito.

Livingstone alifika Ujiji akiwa amechoka na kukata tamaa, na akakuta mali yake imekwisha kuuzwa. Ndipo akatokea Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, na chakula, dawa na barua. Mzee alirudiwa na nguvu haraka. Mwezi wa 11 wawili hao walipanda mtumbwi kuelekea kaskazini. Safari ilichukua siku 28 kwenda na kurudi. Waliona kwa macho kwamba Ruzizi unaingia ziwani, kisha wakarudi kwa upande wa magharibi, wakipita mwambao wa Uvira.

Livingstone mwenyewe aliwahi kudhani kwamba ziwa Tanganyika linaungana na Nili. Alipoona maji ya Ruzizi, alikubali bila ubishi. Kwa Lualaba haikuwa hivyo. Katika daftari lake aliandika baadaye kwamba aliogopa huenda amekuwa akiufuata mto Kongo. Hata hivyo hakuacha. Katika mto huo alikuwa ameweka miaka, afya na jina lake, na kuuacha kungekuwa kukubali kwamba gharama yote ilikuwa bure.

Stanley alimsihi arudi naye Uingereza, ambako watoto wake walimngojea. Alikataa. Wakaagana karibu na Tabora mwezi wa tatu 1872, na mwezi wa nane Livingstone akaelekea tena kusini. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Mwaka 1877 Stanley mwenyewe alifika Boma, baada ya kuufuata Lualaba kutoka Nyangwe hadi karibu na bahari. Moyo wa Livingstone ulikosea kuhusu mto. Kuhusu Nyangwe haukukosea: habari alizoandika ziliwachoma Waingereza, zikaongeza msukumo uliofunga soko la watumwa la Zanzibar mwezi wa sita 1873.

Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma, wangeweza kumzika palepale na kwenda zao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500. Njiani Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike, wasihatarishe maisha yao. Kwa hesabu ya kawaida alikuwa na haki. Wao walikataa, wakasonga mbele, na mwezi wa pili 1874 walifika pwani.