J Dilla: Prodyuza aliyeliacha kundi lake likianza kung'aa, akatoka kivyake

Februari 27, 2001, albamu inayoitwa Welcome 2 Detroit iliingia sokoni. Kwenye jalada lilikuwepo jina ambalo mashabiki wengi wa hip hop walikuwa hawajalizoea: J Dilla.

Kumbe midundo yake walikuwa wameisikiliza kwa miaka kadhaa. The Pharcyde walikuwa nayo. De La Soul walikuwa nayo. A Tribe Called Quest walikuwa nayo. Wengi tu walikuwa hawajui nani yuko nyuma ya mashine.

Albamu hiyo ndiyo iliyomtoa nyuma ya pazia. Lakini ili aifikie, ilibidi kwanza aondoke kwenye kundi aliloanzisha na marafiki zake wa shule.

Mtoto wa nyumba ya muziki

Jina lake halisi ni James Dewitt Yancey. Alizaliwa Februari 7, 1974, na kukulia Conant Gardens, mtaa wa Detroit, jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake alipiga besi. Mama yake, Maureen, ambaye leo mashabiki wanamjua kama Ma Dukes, alikuwa mwimbaji. Sahani za santuri zilijaa nyumbani.

Shule ya sekondari ya Pershing ndiko alikokutana na T3 na Baatin. Watatu hao wakaunda kundi lililokuja kujulikana kama Slum Village.

Aliyemfungulia mlango ni Amp Fiddler, mpiga kinanda wa Detroit. Huyu alimfundisha kutumia MPC, mashine ambayo maprodyuza huitumia kukata vipande vya nyimbo za zamani na kuvipanga upya kuwa biti. Mwaka 1994, Fiddler huyo huyo akamkutanisha na Q-Tip wa A Tribe Called Quest. Q-Tip aliposikiliza kazi za dogo, hakuhitaji kushawishiwa.

Kuanzia hapo kazi zikamiminika. Mwaka 1995 alitengeneza nyimbo kadhaa za The Pharcyde, ukiwemo Runnin'. Mwaka 1996 ukaja Stakes Is High wa De La Soul. Kwenye albamu za Tribe alifanya kazi ndani ya timu iliyoitwa The Ummah, na hapo jina la timu mara nyingi lilimeza jina lake.

Ngoma inayochechemea

Kilichomtofautisha ni namna alivyopanga ngoma. MPC ina uwezo wa kunyoosha mapigo yote yakae sawasawa kama saa ya ukutani. Yeye alikuwa anaacha baadhi ya mapigo yawahi au yachelewe kidogo tu. Ukisikiliza mara ya kwanza unaweza kudhani kuna kosa. Ukirudia, kichwa kinaanza kutikisika chenyewe.

Mtindo huo uliwateka hata wapigaji wa vyombo. Questlove, mpiga ngoma wa The Roots, alianza kujifunza upya kupiga kwa namna hiyo. Unasikika pia kwenye Voodoo ya D'Angelo ya mwaka 2000. Mwaka huo huo Dilla alimtengenezea Common wimbo The Light, mmoja kati ya nyimbo zilizompa Common umaarufu mkubwa.

Kuondoka

Kati ya mwaka huo, Slum Village walitoa Fantastic, Vol. 2. Kundi lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kujulikana nje ya Detroit. Na hapo ndipo Dilla akajitoa.

Haikuwa uamuzi mwepesi. T3 na Baatin walikuwa wenzake tangu ujana, na sauti ya kundi ilitoka mikononi mwake. Lakini kazi za nje zilikuwa nyingi, na alitaka njia yake mwenyewe. Nafasi yake ikachukuliwa na Elzhi. Uhusiano haukukatika kabisa: Elzhi alichana kwenye Welcome 2 Detroit, na Dilla alichangia biti chache kwenye Trinity, albamu ya Slum Village ya mwaka 2002.

Lebo ndogo, uhuru mkubwa

Welcome 2 Detroit ilitolewa na BBE, lebo ndogo ya London. Lebo hiyo ilikuwa inaanzisha mfululizo wa albamu za maprodyuza, na Dilla akawa wa kwanza. Aliachiwa afanye anachotaka.

Alifanya kweli. Alirudia Think Twice, wimbo wa Donald Byrd wa miaka ya 1970. Alirudia African Rhythms wa Oneness of Juju. Akaingiza ladha ya bossa nova ya Brazil, halafu akageukia muziki wa kielektroniki akiwakumbuka Kraftwerk wa Ujerumani. Wachanaji aliowaita walikuwa hasa vijana wa nyumbani, kina Phat Kat na Frank-N-Dank. Na yeye mwenyewe akashika maiki.

Hata jina lilikuwa na sababu. Awali alijiita Jay Dee, na watu wakawa wanamchanganya na Jermaine Dupri, prodyuza wa Atlanta anayejulikana kama JD.

Baada ya hapo akasaini na kampuni kubwa, MCA, akarekodi albamu ya kuchana. Ikawekwa kabatini.

Miaka ya mwisho

Mwaka 2002 alianza kuugua. Alikutwa na TTP, ugonjwa adimu wa damu, na baadaye lupus, ambapo kinga ya mwili hugeuka kuushambulia mwili wenyewe. Alihamia Los Angeles, akalazwa mara kwa mara, lakini hakuacha kazi. Alikuwa na mashine hata wodini. Mwishoni mwa 2005 alizunguka Ulaya akitumbuiza akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Februari 7, 2006, siku aliyotimiza miaka 32, ilitoka Donuts, albamu ya biti tupu. Siku tatu baadaye alifariki nyumbani Los Angeles. Aliacha mabinti wawili.

Ile albamu ya MCA ilitoka mwaka 2016 kwa jina The Diary, miaka kumi baada ya kifo chake. Kampuni kubwa ilimweka kabatini. Lebo ndogo ya London ndiyo iliyomwezesha kusikika kwa jina lake mwenyewe akiwa hai.

MPC yake sasa iko Washington, kwenye makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi. Mama yake ndiye aliyeitoa.