CECIL KIMBER: ALIIZAA MG, AKATIMULIWA, AKAFIA KWENYE TRENI

Kuna mdau yuko Uingereza kaniandikia, anataka kununua MGB ya mwaka 1972. Nyekundu, ya turubai, bodi inang'aa ile mbaya. Anauliza ajilipue au aache? Nitamjibu huko chini, ila kwanza nataka mumjue mzee aliyeianzisha hiyo alama ya MG. Stori yake inamhusu kila mtu anayejituma kwenye mali ya mwenzie.

Anaitwa Cecil Kimber. Alizaliwa London mwaka 1888. Baba yake alikuwa na biashara ya wino wa kuchapia, na kijana akaanza kazi hapo hapo nyumbani. Lakini roho yake ilikuwa kwenye pikipiki. Pikipiki nayo ikamfanyia kitu mbaya: alipata ajali, mguu wa kulia ukavunjika vibaya na akachechemea maisha yake yote.

Alilipwa fidia. Badala ya kununua pikipiki nyingine akanunua gari, Singer ndogo. Baba yake alitaka hela ile iingie kwenye biashara ya familia iliyokuwa inayumba. Kimber akagoma, na mwaka 1914 wakaachana kwa ugomvi. Yaani jamaa alichagua magari mbele ya mzee wake. Wengine mtasema hana adabu, wengine mtasema alijua anachotaka. Mimi naona hela ya mguu wako ni ya kwako.

Akazunguka kampuni kadhaa za magari na ndege wakati wa vita ya kwanza. Birmingham akaweka akiba yake kwenye kampuni ya vipuri, Wrigley, ikaenda mrama na hela nyingi ikapotea. Mwaka 1921 akaingia Morris Garages pale Oxford, mali ya tajiri William Morris. Mwaka uliofuata akawa meneja.

Hapa ndo utamu unaanza. Morris alikuwa anatengeneza magari ya kawaida, ya kwenda kazini na kurudi. Kimber akayachukua hayo hayo, akayavalisha bodi nyepesi na za kuvutia, akayarekebisha yakimbie, akayauza kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kati anaweza kujibana akaipata. Jina likatokana na Morris Garages: MG, ndani ya alama ya pembe nane.

Mwaka 1928 akatoa MG Midget ya kwanza. Injini ya cc 847 tu! Bodi ya mbao nyembamba iliyofunikwa kitambaa, bei pauni 175. Vijana wakachanganyikiwa. Mwaka 1929 kiwanda kikahamia mji mdogo wa Abingdon. Mwaka 1933 MG K3 ikashinda kundi lake kwenye Mille Miglia kule Italia, na mwaka huo huo Mtaliano Tazio Nuvolari akachukua nayo Tourist Trophy kule Ireland ya Kaskazini. Kigari kidogo, dereva bingwa wa dunia nzima, wakubwa wakala vumbi.

Sasa basi, msisahau kampuni ilikuwa ya nani. Kimber alikuwa mwajiriwa. Mwaka 1935 Morris akaiingiza MG kwenye kampuni yake kubwa, wakubwa wapya wakafunga idara ya mashindano. Kimber akabaki, lakini kila jambo sasa lilitaka ruhusa kutoka juu. Vita ya pili ilipokuja, kiwanda kikakosa kazi. Yeye akahangaika mwenyewe akapata kazi ya vipande vya ndege za kivita ili watu wake wasikae bure. Wakubwa wakasema hukutuomba ruhusa. Mwaka 1941 wakamtimua!

Miaka karibu 20 imeishia hapo. Akaenda kufanya kazi kampuni nyingine, ya mwisho ikiwa ya kutengeneza pistoni. Jumapili jioni, tarehe 4 Februari 1945, alipanda treni ya safari za kikazi pale King's Cross, London. Treni ikaingia kwenye handaki lenye mwinuko, magurudumu yakateleza, ikaanza kurudi nyuma gizani. Behewa la mwisho likapinduka. Watu wawili walifariki, mmoja wao Kimber. Alikuwa na miaka 56.

Mwaka huo huo Abingdon wakatoa MG TC, gari lililotokana na yale yaliyotengenezwa enzi zake. Yakauzwa karibu 10,000, mengine yakaenda Marekani na kuwafundisha watu wa kule kupenda vigari vidogo vya Kiingereza. Kisha MGB, kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya 500,000. Aliyeongoza usanifu wake, Syd Enever, alikuwa kijana wa Kimber tangu enzi za Morris Garages. Kiwanda kilifungwa 1980. Tangu 2007 jina MG liko kwa Wachina wa SAIC.

Haya, mdau wetu, sasa jibu lako. Usinunue rangi. MGB haina chesisi ya pembeni, bodi yenyewe ndo inabeba gari. Kwa hiyo kutu ikila pale chini ya milango, uti wa mgongo umeisha. Nenda na sumaku, ifunge kitambaa isikwaruze. Isiposhika, ujue hapo ni puti, hakuna bati. Fungua mlango, uangalie kama unaning'inia. Injini isikutishe, spea zipo tele na mafundi wapo, na hata bodi mpya zilianza kutengenezwa tena 1988. Lakini bodi iliyooza itakula hela mpaka uuze kochi.

Na kumbuka: kwenu huko gari lililopita miaka 40, kama halijabadilishwa sana, halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Hakuna mkaguzi wa kukusaidia, mkaguzi ni wewe. Hiyo ya 1972 ina bampa za chuma, nzuri. Kuanzia mwishoni mwa 1974 waliweka bampa nyeusi na kulinyanyua gari kwa ajili ya sheria za Marekani, likapoteza utulivu kwenye kona.

Ukiipata nzima, nunua. Ila ukilitazama gari lote hutaona jina la Kimber popote. Jina lililobaki ni la gereji ya bosi.

Wadau, mnasemaje? Kimber angefungua kampuni yake mapema, au bila hela ya Morris asingefika popote? Mwageni maoni hapo chini, matusi hapana.