Robert Koch na homa iliyoitwa mbu

Kutoka Soni hadi Mombo ni mwendo mfupi wa kuteremka. Lakini kwa kinga ya mwili ya mwanao, huko chini ni ugenini. Daktari Mjerumani Robert Koch alilishuhudia hilo Usambara zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Koch alizaliwa mwaka 1843. Mwaka 1882 alitangaza kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu, akapata umaarufu duniani. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam kuchunguza magonjwa, na baadaye akapanda Usambara. Aliwakuta Wasambaa hawasumbuliwi na malaria milimani, ila wakishuka tambarare waliugua. Wenyewe walimweleza kwamba kule chini huumwa na mbu, na homa yenyewe waliiita mbu. Miaka hiyohiyo, Ronald Ross alikuwa India akithibitisha kuwa mbu ndiye anayebeba malaria.

Mwaka 1900, huko New Guinea, Koch aliona watoto wengi wana vimelea vya malaria kwenye damu, watu wazima wachache. Akatambua kuwa kinga hujengeka polepole, kwa kuugua tena na tena. Alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1905, akafariki mwaka 1910.

Jambo moja hakulijua. Nyuma ya mfupa wa kifua cha mwanao kuna tezi iitwayo thaimasi, ambayo kazi yake ilianza kueleweka mwaka 1961. Humo hukomaa seli za kinga ziitwazo seli T. Seli hizo changa huisaidia tezi yenyewe kukomaa, nayo tezi huzichuja: zinazotaka kuushambulia mwili huondolewa.

Lakini seli iliyofuzu humo bado haijakutana na malaria. Ndiyo maana mtoto aliyekulia mlimani huweza kuugua vibaya akishuka.

Kwa hiyo mzazi, mkisafiri, beba chandarua chenye dawa. Mkisharudi Soni, usijiamini mapema: homa huweza kuanza wiki mbili baadaye, hata zaidi. Mtoto akichemka, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe, na umweleze mhudumu mlikuwa wapi.