Mathias Mnyampala na Ngonjera: Kutoka Barazani hadi Darasani

1.0 Utangulizi

Jina la Mathias Eugen Mnyampala (1917–1969) halikosekani katika mijadala ya ushairi wa Kiswahili wa Tanzania. Hata hivyo, mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja tu, kwamba ndiye mwasisi wa ngonjera, kisha mjadala huendelea na mengine. Makala haya yanayapitia maisha yake kwa lengo la kuonyesha mambo mawili. Kwanza, ngonjera ilikuwa tokeo la kazi ya miaka mingi ya mtu aliyekuwa mwalimu, mwandishi wa mila, hakimu na kiongozi wa chama cha washairi. Pili, sifa zilizoiwezesha ngonjera kuingia shuleni kwa urahisi ndizo hizo hizo zilizoipunguzia uhai wa malumbano ya jadi.

2.0 Ugogo na Malezi

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Muntundya, katika eneo la Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Huo ulikuwa wakati mgumu kwa nchi ya Ugogo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita katika uwanda wa kati, na majeshi ya pande zote mbili, Wajerumani na Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua zilipokosekana, ilifuata njaa kubwa ambayo Wagogo huiita Mtunya. Njaa hiyo iliua watu wengi na kuwatawanya wengine, na ikabaki kuwa kipimo cha wakati katika masimulizi ya wazee.

Katika jamii ya namna hiyo, fasihi simulizi ilikuwa ghala la kumbukumbu. Asili za koo, njia walizopita wahamiaji, uwezo wa watemi juu ya mvua na ardhi, taratibu za jando na za mahari: yote hayo yalihifadhiwa katika masimulizi, nyimbo, methali na vitendawili. Mnyampala alikulia katika mazingira hayo ya tembe na mifugo. Baadaye alipata elimu ya misheni ya Kikatoliki, akawa mwalimu. Kutoka ualimu aliingia katika utumishi wa serikali, akafanya kazi ya ukarani na hatimaye akawa hakimu.

Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Alikipata shuleni na kazini, juu ya msingi wa Kigogo. Jambo hili ni muhimu, kwa kuwa ushairi wa Kiswahili wa wakati huo ulihesabiwa kuwa mali ya mwambao na ya utamaduni wa Kiislamu. Mkatoliki wa bara aliyetaka kutunga kwa vina na mizani alilazimika kujifunza ufundi huo kwa bidii, pamoja na msamiati wake mzito wenye asili ya Kiarabu. Mnyampala alifanya hivyo kwa kiwango cha kukubaliwa na watunzi wenzake.

3.0 Mwandishi wa Mila

Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Ni mwaka huo huo K. Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Vitabu hivi viwili vina undugu wa kimbinu. Amri Abedi aliziweka katika maandishi kanuni ambazo watunzi walikuwa wakizirithi kwa kusikia. Mnyampala naye aliyaweka katika maandishi masimulizi ambayo koo zilirithishana kwa mdomo.

Uamuzi wa Mnyampala kuandika kwa Kiswahili ulikuwa na faida na gharama. Faida yake ni kwamba mila za Wagogo ziliweza kusomwa na watu wa makabila mengine, na ndiyo maana kitabu hicho kiliendelea kutumiwa na wanahistoria hadi kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Gregory Maddox mwaka 1995. Gharama yake ni kwamba simulizi zilitengwa na lugha iliyozizaa. Jina la ukoo lenye kisa ndani yake, au methali inayotegemea mlio wa maneno, haliwezi kuhamishwa bila kupoteza kitu. Suala hili la nini huhifadhiwa na nini hupotea jadi inapowekwa kitabuni lingejitokeza tena katika ngonjera.

Miaka ya 1960 ilikuwa ya mavuno. Diwani ya Mnyampala na Utenzi wa Enjili Takatifu vilitoka mwaka 1963, na Waadhi wa Ushairi mwaka 1965. Utenzi wa Enjili una uzito wa pekee, kwani ndani yake bahari iliyozoeleka kubeba visa vya dini ya Kiislamu ilibebeshwa maisha ya Yesu. Mnyampala alithibitisha kwa vitendo kwamba umbo la kijadi linaweza kupewa maudhui mapya bila kuvunjwa.

4.0 UKUTA na Ngonjera

Mnyampala alikuwa mwenyekiti wa chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kijulikanacho kwa kifupi kama UKUTA. Chama kilikusanya watunzi wenye kazi nyingine za kuwapatia riziki, na kililenga kukuza lugha na kueneza ushairi.

Mwaka 1967 ulibadilisha hali ya mambo. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari, na Elimu ya Kujitegemea ikafuata Machi. Mwaka huo pia Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1968 Rais Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi na mfasiri, aliwataka washairi wasaidie kulieleza Azimio kwa wananchi. Jibu la Mnyampala lilikuwa ngonjera.

Umbo la ngonjera ni sahili. Wahusika wawili au zaidi hujibizana kwa beti. Mmoja hajui au amepotoka, mwingine anajua. Hoja hupandana ubeti kwa ubeti, na mwishoni yule aliyepotoka hukiri na kushukuru. Wanafunzi hukariri beti, kisha huzitamka mbele ya hadhira kwa ishara za mikono na uso. Kwa shule isiyo na vifaa, huu ulikuwa utanzu wenye gharama ndogo: ulihitaji mwalimu, kiwanja na watoto wenye kumbukumbu.

Inawezekana kuona ndani ya umbo hili njia nzima aliyopita mtunzi wake. Mwalimu yumo, katika ule uhusiano wa ajuaye na asiyejua. Hakimu naye yumo, kwani pande mbili husikilizwa hadi shauri liishe, isipokuwa kwamba katika ngonjera hukumu hutolewa na mshindwa mwenyewe kwa kukiri. Msikilizaji wa mabaraza ya wazee pia yumo, pamoja na mshairi aliyeyajua malumbano ya magazetini.

Mnyampala alifariki dunia mjini Dodoma Juni 1969, akiwa na umri wa miaka 51. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971. Vitabu hivyo vimebeba jina la chama katika anwani yake, dalili kwamba mtunzi aliuona utanzu huo kuwa mali ya jumuiya.

5.0 Tathmini

Ngonjera ilienea kwa kasi. Katika miaka ya 1970 haikukosekana katika sherehe za shule, sikukuu za taifa na mapokezi ya viongozi. Lakini kuenea huko kulizua lawama. Wahakiki walidai kuwa imekuwa kasuku wa siasa, na kwamba wanafunzi hukariri bila kutafakari. Kizazi cha washairi wapya, ambacho sauti yake ilisikika wazi katika Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, kilitaka hata vina na mizani visiwe sharti.

Lawama hizo zina ukweli, lakini zinapaswa kuelekezwa mahali pake. Katika malumbano ya jadi hakuna ajuaye mapema nani atashinda. Mpinzani ana hoja zake na anaweza kuibuka mshindi. Katika ngonjera mshindi hujulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Mnyampala alichukua mvutano wa jadi akaufungia mlango wa kutokea, kwa sababu darasa na Azimio vilihitaji jibu moja. Hapo ndipo nguvu ya utanzu huu ilipo, na udhaifu wake pia. Mwalimu anayetaka kuuhuisha leo hana haja ya kuutupa. Anaweza kuwaachia wanafunzi watunge beti za mwisho wenyewe.

6.0 Hitimisho

Tawasifu ya Mnyampala, Maisha ni Kugharimia, ilichapishwa mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake. Anwani hiyo inalingana na kazi yake yote. Aliihamisha jadi kutoka barazani hadi kitabuni, na kutoka kitabuni hadi darasani, na kila hatua ilikuwa na gharama yake. Gharama ya kwanza ilikuwa Kigogo. Ya pili ilikuwa uhuru wa mlumbi kushindana kwa kweli. Bila gharama ya kwanza, simulizi nyingi za Ugogo zisingeufikia msomaji wa mbali. Gharama ya pili bado inaweza kupunguzwa, na kazi hiyo imebaki mikononi mwa walimu wa fasihi.