Fritz Haber: Aliyelisha na Kuua kwa Elimu Moja

Ni wachache miongoni mwetu waliopata kulisikia jina la Fritz Haber, lakini ni wachache zaidi ambao hawajapata kula chakula kilichooteshwa kwa ujuzi wake. Na askari waliokufa kwa ujuzi huo huo, baadhi yao walikuwa ndugu zetu katika dini.

Haber alizaliwa tarehe 9 Desemba 1868 katika nyumba ya mfanyabiashara wa Kiyahudi mjini Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani siku hizo na ambao sasa uko Polandi. Alisomea kemia, na mwaka 1892 akaiacha dini ya wazee wake, akabatizwa. Kwani Myahudi alifungiwa milango mingi ya vyeo.

Zama hizo mashamba ya Ulaya yalirutubishwa kwa shura iliyoletwa kwa meli kutoka Chile. Hewa tuivutayo ina nitrojeni karibu sehemu nne katika tano, lakini mmea hauwezi kuitwaa moja kwa moja. Mwaka 1909, mjini Karlsruhe, Haber aliiunganisha nitrojeni hiyo na haidrojeni kwa moto mkali na mgandamizo mkubwa, akapata amonia, ambayo ndiyo asili ya mbolea. Carl Bosch akaukuza ufundi huo, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi.

Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari za Uingereza ziliifunga njia ya shura. Shura hiyo ndiyo iliyotengenezewa baruti pia. Basi amonia iliyokusudiwa shamba ikageuzwa asidi ya baruti, na Ujerumani ikapata nguvu ya kupigana miaka minne.

Haber hakukomea hapo. Aliipenda nchi yake pendo la upofu. Mapatano ya Hague ya mwaka 1907 yalikataza sumu vitani. Yeye akalitafutia jeshi gesi. Jioni ya tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, mitungi ya klorini ipatayo 6,000 ilifunguliwa kwa mpango wake. Wingu la kijani na manjano likachukuliwa na upepo, na kwa kuwa klorini ni nzito kuliko hewa, likatambaa chini na kuingia mahandakini, likiunguza mapafu. Waliokuwa mbele yake ni askari wa Ufaransa, na miongoni mwao Waislamu wa Algeria, waliovushwa bahari kupigana ugomvi usiokuwa wao. Mamia walikufa bila ya kumwona adui.

Mkewe, Clara Immerwahr, naye alikuwa na shahada ya udaktari wa kemia. Tarehe 2 Mei, siku kumi baada ya Ypres, alijiua kwa bastola ya mumewe. Haber hakukaa matanga. Alikwenda zake kwenye vita vya mashariki.

Baada ya vita alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 kwa ajili ya amonia, na wengi wakanung'unika. Kisha mwaka 1933 Hitler akashika utawala, na nchi aliyoitumikia ikamhesabu kwa asili yake tu. Alipotakiwa awafukuze Wayahudi chuoni mwake Berlin, alijiuzulu akahama, na akafa Basel, Uswisi, tarehe 29 Januari 1934. Hakuishi kuona Zyklon, dawa ya wadudu iliyotokana na kazi za chuo chake, ikiua watu katika makambi ya Wanazi, ambamo baadhi ya jamaa zake waliangamia.

Hesabu ya mtu huyu ni nzito. Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya walimwengu wa leo hulishwa na mbolea itokanayo na amonia hiyo. Elimu yenyewe haikumkosea, ilimpa alichoiomba. Suali la nani atakula na nani atakufa lilikuwa lake kuliuliza, naye akawaachia majemadari.

Kwa wasia wake, mabaki ya Clara yalihamishiwa Basel, na wawili hao wamelala kaburi moja.